Kusikia na kupima mwingiliano wa mawimbi kwa spika mbili: mwongozo kamili

Jaribio la spika mbili linaonekana kuwa jepesi kuliko majaribio yote ya mawimbi, na huenda ndiyo sababu linawashinda wengi. Mtu huweka simu mbili mezani, hucheza sauti ileile kwenye zote mbili, hutembea huku na huko akitega sikio, kisha huondoka akiamini kwamba habari za mawimbi kuongezeana nguvu na kufutana ni za vitabuni tu. Kanuni haina kosa. Kilichokosekana ni masharti manne ambayo vitabu vingi huyataja kwa sentensi moja na kupita: sauti zote mbili zitoke katika chanzo kimoja, ziwe toni moja isiyobadilika, zisikilizwe kwa sikio moja, na ziwe mahali ambapo mwangwi ni mdogo.

Mwongozo huu unafuata masharti hayo hatua kwa hatua. Ukiumaliza utakuwa umesikia mahali ambapo sauti mbili zinakuwa kubwa kuliko moja, mahali ambapo spika ya pili inapunguza sauti badala ya kuiongeza, na utakuwa umetumia tepu ya kawaida kupima urefu wa wimbi ambalo huwezi kuliona.

## Vifaa

Kusanya vyote kabla ya kuanza, kwa sababu ukishapanga spika hutataka kuzisogeza tena.

- Spika mbili zinazofanana, za kuunganishwa kwa nyaya. Usitumie spika za Bluetooth. Kila moja hupokea na kufasiri sauti kwa ucheleweshaji wake, na ucheleweshaji huo hauko sawa kila wakati.
- Amplifaya yenye njia mbili, kulia na kushoto. Redio ambayo spika zake mbili zinaweza kutenganishwa inafaa pia.
- Simu au kompyuta yenye programu ya kutoa toni, inayokuruhusu kuandika masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde (Hz), kwa tarakimu.
- Simu ya pili yenye programu ya kupima sauti kwa desibeli. Si lazima iwe sahihi kama kifaa cha maabara, kwa kuwa tunahitaji tofauti tu, wala si kiwango kamili.
- Tepu ya kupimia ya mita 5.
- Stuli mbili za kimo kimoja za kuwekea spika.
- Chaki au utepe wa gundi, pamoja na uzi uliofungwa kitu kizito utakaotumika kama timazi.
- Kipimajoto cha hewa.
- Karatasi ya grafu, penseli na rula.

Ukiwa na msaidizi mmoja wa kuzima na kuwasha spika wakati wewe umesimama mahali pako, kazi itakuwa rahisi zaidi.

## Hatua ya 1: Jumlisha mawimbi mawili kwenye karatasi

Usiiruke hatua hii kwa kudhani ni ya watoto. Anayeiruka hufika kwenye spika bila kujua anatafuta nini.

Kanuni nzima ni hii: mawimbi mawili yanapopita mahali pamoja kwa wakati mmoja, msogeo wa hewa mahali hapo ni jumla ya misogeo ambayo kila wimbi lingeileta peke yake. Msogeo wa kwenda mbele ni chanya, wa kurudi nyuma ni hasi, na jumla huzingatia alama hizo. Mawimbi hayagongani wala hayaharibiani. Yakishapitana, kila moja huendelea na safari yake kama lilivyokuwa.

Chora wimbi lenye urefu wa miraba 12 na kimo cha miraba 4. Thamani zake, kuanzia mraba wa 0, ni 0, 2, 3.5, 4, 3.5, 2, 0, −2, −3.5, −4, −3.5, −2, kisha zinajirudia. Chini yake chora wimbi la pili lililo sawa nalo, halafu chini zaidi chora jumla yao, nukta kwa nukta. Fanya hivyo mara tatu.

Mara ya kwanza, wimbi la pili lianze sawasawa na la kwanza. Kilele kitakutana na kilele, bonde litakutana na bonde, na jumla itakuwa na kimo cha miraba 8. Huu ndio mwingiliano wa kujenga.

Mara ya pili, sogeza wimbi la pili kwa miraba 6, yaani nusu ya urefu wa wimbi. Kila chanya itakutana na hasi inayolingana nayo, na jumla itakuwa mstari ulionyooka kwenye sifuri. Huu ni mwingiliano wa kubomoa.

Mara ya tatu, sogeza kwa miraba 3 kuelekea kushoto. Thamani za wimbi la pili zitaanza na 4, 3.5, 2, 0, −2, na jumla itaanza na 4, 5.5, 5.5, 4, 1.5. Ukichora mkunjo kupitia nukta hizo utaona kilele chake kiko kati ya mraba wa kwanza na wa pili, kwenye kimo cha karibu miraba 5.7. Mara hii ya tatu ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, kwa sababu inaonyesha kwamba kujenga na kubomoa ni miisho miwili tu, na kwamba sehemu kubwa ya eneo utakalotembea iko katikati ya miisho hiyo. Wanaotarajia kusikia ama sauti kubwa ama ukimya, pasipo kitu katikati, ndio wanaosema jaribio halikufaulu.

Onyo. Usijumlishe vimo. Jumlisha misogeo ya nukta moja kwa wakati mmoja. Aliyejumlisha vimo mara ya tatu atapata 8, na atakuwa amekosea.

Dalili ya kufaulu. Michoro mitatu ya jumla ina vimo vya 8, 0 na takribani 5.7.

## Hatua ya 2: Chagua masafa

Kasi ya sauti hewani, kwa mita kwa sekunde, ni takribani 331 kujumlisha 0.6 mara joto la hewa kwa nyuzi za Selsiasi. Hewa ikiwa na nyuzi 25, kasi ni kama mita 346 kwa sekunde. Urefu wa wimbi ni kasi hiyo ikigawanywa kwa masafa.

Tutatumia 1730 Hz, kwa sababu katika nyuzi 25 urefu wa wimbi unakuwa sentimita 20 kamili na hesabu zinakuwa nyepesi. Joto likiwa tofauti kidogo, tumia masafa hayohayo. Katika nyuzi 30 urefu utakuwa kama sentimita 20.2, tofauti ambayo tepu yako itaihisi kwa shida.

Masafa ya chini sana, kwa mfano 200 Hz, yana wimbi la zaidi ya mita moja na nusu, na vituo unavyotafuta, yaani mahali pa sauti kubwa na mahali pa kimya, vitakaa mbali mno. Masafa ya juu sana, kwa mfano 8000 Hz, yana wimbi la sentimita 4 hivi, na kutikisika kidogo tu kwa kichwa kutakutoa kwenye kimya na kukuingiza kwenye sauti kubwa kabla hujatambua.

Usitumie muziki wala sauti ya mtu. Muziki una masafa mengi kwa pamoja, na mahali ambapo masafa mamoja yanafutana, mengine yanajengana, hivyo sikio halipati ukimya popote.

## Hatua ya 3: Chagua mahali

Mahali pazuri kuliko pote ni uwanja wa wazi usio na ukuta karibu, wakati ambapo upepo umetulia. Sababu ni kwamba kila ukuta hurudisha sauti, na sauti iliyorudi ni sawa na spika ya tatu, ya nne na ya tano ambazo hukuzipanga. Kwenye kimya ulichotarajia, mwangwi huo hujaza nafasi.

Ikibidi ufanye ndani, chagua chumba kikubwa, fungua madirisha, na tundika mapazia mazito au simamisha magodoro nyuma ya msikilizaji na pembeni. Spika zisiwe karibu na ukuta. Chumba kidogo chenye sakafu na kuta tupu kitakupa kelele iliyochanganyikana ambayo hata mtaalamu hawezi kuisoma.

## Hatua ya 4: Panga na unganisha spika

Zima amplifaya kabla ya kugusa nyaya. Ncha mbili zikigusana wakati umeme unapita, zinaweza kuunguza sehemu ya kutolea sauti.

Weka spika juu ya stuli, zote zikitazama upande mmoja, na umbali kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine uwe sentimita 100. Kimo chake kiwe sawa na kimo cha sikio lako ukiwa umesimama au umeketi, kulingana na jinsi utakavyosikiliza.

Unganisha chanya ya amplifaya na chanya ya spika, na hasi na hasi, kwa spika zote mbili. Rangi za ncha zikusaidie: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Ukipindua waya za spika moja, wakati spika ya kwanza inasukuma hewa, ya pili itakuwa inaivuta, na mpangilio wote utageuka juu chini. Tutalifanya jambo hilo kwa makusudi baadaye, lakini si sasa.

Katika simu inayotoa toni, zima mapambo yote ya sauti, iwe ni kuongeza besi, sauti ya kuzunguka au kitu kingine cha namna hiyo, kwa sababu baadhi ya mapambo hayo hubadilisha fezi (hatua ambayo wimbi limefikia katika mzunguko wake) ya njia ya kulia au ya kushoto. Hakikisha toni inatoka kwenye njia zote mbili.

Onyo. Usipandishe sauti sana. Toni moja isiyobadilika huchosha sikio haraka kuliko muziki. Kiwango cha desibeli 60 hadi 70 mahali unaposimama kinatosha kabisa.

## Hatua ya 5: Sawazisha nguvu za spika mbili

Chora mstari sakafuni ulio sambamba na mstari wa spika, umbali wa mita 3 mbele yake. Weka alama katikati, mahali palipo na umbali sawa kutoka kila spika. Alama hii tuiite S0.

Weka simu ya kupimia juu ya S0, kwenye kimo cha spika. Washa spika ya kushoto peke yake na usome desibeli, kisha ya kulia peke yake. Rekebisha uwiano wa kushoto na kulia hadi tofauti iwe chini ya desibeli 1.

Kwa nini kujisumbua hivyo? Kwa sababu ukimya hupatikana pale tu ambapo vimo viwili vinalingana. Kimo cha wimbi moja kikiwa 1 na cha jingine 0.8, jumla kubwa ni 1.8 na ndogo ni 0.2, na tofauti kati ya kilele na kimya ni desibeli 19 hivi, ambayo bado ni nzuri. Kimo cha pili kikishuka hadi 0.5, jumla zinakuwa 1.5 na 0.5, na tofauti inabaki desibeli 9.5 tu. Ukiongeza mwangwi kidogo juu yake, sikio litaanza kusitasita.

## Hatua ya 6: Hakikisha kwamba sauti mbili zinashirikiana kweli

Hapa ndipo majaribio mengi yangeokolewa mapema. Simu ikiwa bado S0, soma desibeli za spika moja, halafu washa zote mbili.

Kama mawimbi yanafika yakiwa na fezi moja, kimo kinakuwa mara mbili, na kwa kuwa nguvu ya sauti hufuata mraba wa kimo, nguvu inakuwa mara nne. Hiyo ni nyongeza ya desibeli 6. Kama spika mbili hazina uhusiano wowote wa fezi, nguvu zinajumlishwa tu na kuwa mara mbili, yaani nyongeza ya desibeli 3.

Dalili ya kufaulu. Kipimo kinapanda kwa desibeli 5 hadi 6. Ukipata takribani 3, rudi hatua ya 4 na ukague chanzo cha sauti. Ukipata kushuka badala ya kupanda, waya za spika moja zimepinduka.

Wasomaji makini huuliza: spika mbili zinatoa nguvu mara mbili, sasa hiyo mara nne imetoka wapi? Imetoka kwenye vituo vya kimya. Mahali pengine nguvu ni mara nne, pengine ni sifuri, na wastani wa eneo lote unabaki mara mbili. Mwingiliano hauumbi nishati wala hauiangamizi. Unaigawa upya.

## Hatua ya 7: Tembea na uweke alama

Ziba sikio moja, na sikio lililo wazi liwe juu ya mstari wa mita 3. Umbali kati ya masikio yako mawili ni karibu na nusu ya umbali kati ya kituo cha sauti na kituo cha kimya kinachofuata, kwa hiyo ukisikiliza kwa yote mawili, moja litakuwa limekaribia ukimya wakati jingine bado linasikia, na ubongo utakupa wastani usio na maana.

Anza S0, tembea polepole kuelekea kulia, na usimame kila sauti inapofika chini kabisa au juu kabisa. Afadhali zaidi, shika simu ya kupimia kwa mkono ulionyooshwa mbele, mwili wako ukiwa nyuma ya mstari, na uisogeze sentimita 2 kwa 2. Mwili ulio karibu na maikrofoni nao hurudisha sauti.

Kwa spika zilizotengana mita 1, mstari wa mita 3 na wimbi la sentimita 20, tarajia haya kwa kila upande wa S0:

| Kituo | Umbali kutoka S0 | Tofauti ya njia |
|---|---|---|
| K1 (kimya) | sm 31 | sm 10 |
| S1 (sauti) | sm 62 | sm 20 |
| K2 (kimya) | sm 96 | sm 30 |
| S2 (sauti) | sm 132 | sm 40 |
| K3 (kimya) | sm 175 | sm 50 |

Safu ya tatu ndiyo inayotawala kila kitu. Tofauti ya njia ni umbali kutoka spika ya mbali hadi kwako ukitoa umbali kutoka spika ya karibu. Ikiwa sifuri, wimbi moja zima, mawili na kuendelea, mawimbi yanajengana. Ikiwa nusu wimbi, moja na nusu, mawili na nusu, yanabomoana.

Tazama kwamba vituo havikai kwa nafasi sawa. Kanuni ya mkato inayofundishwa madarasani, ya kuzidisha urefu wa wimbi kwa umbali wa mstari na kugawanya kwa umbali kati ya spika, hutoa sentimita 60 kati ya kituo kimoja cha sauti na kingine, na ingekuweka K3 kwenye sentimita 150 badala ya 175. Kanuni hiyo si mbovu, ila imetengenezwa kwa ajili ya pembe ndogo, mahali ambapo mstari uko mbali sana kuliko umbali kati ya vyanzo. Mita 3 dhidi ya mita 1 si mbali sana. Kwa jaribio hili iache kando, upime njia zenyewe.

Dalili ya kufaulu. Umepata angalau K1, S1 na K2 kwa kila upande, na kipimo kinashuka kwa desibeli 10 au zaidi kutoka sauti hadi kimya. Usitarajie ukimya wa kaburini. Mwangwi wa ardhi peke yake unatosha kuuzuia.

## Hatua ya 8: Pima njia mbili

Shusha timazi kutoka mahali maikrofoni ilipokuwa hadi sakafuni, na nyingine kutoka katikati ya uso wa kila spika. Kwa kuwa maikrofoni na spika ziko kwenye kimo kimoja, umbali kati ya alama za sakafuni ni sawa na umbali halisi wa juu. Vimo vikitofautiana, usipime sakafuni. Vuta tepu moja kwa moja kutoka spika hadi maikrofoni.

Kwa kila kituo andika umbali wa kushoto, umbali wa kulia, na tofauti yake. Kisha fanya hivyohivyo upande wa pili wa S0. Wastani wa pande mbili huondoa sehemu kubwa ya kosa linalotokana na alama ya S0 kutokuwa katikati kamili.

Tegemea zaidi K2 na K3 kuliko K1. Sababu ni ya hesabu tu. Tepu inaweza kukudanganya kwa sentimita 1. Katika K1, tofauti ya njia ni sentimita 10, kwa hiyo kosa ni asilimia 10. Katika K3, tofauti ni sentimita 50, na kosa lilelile la sentimita 1 linakuwa asilimia 2.

Pima pia vituo vya kimya badala ya vya sauti. Kilele cha sauti ni kipana na sikio halijui katikati yake iko wapi, ilhali kimya ni chembamba na kina ncha.

## Hatua ya 9: Kokotoa urefu wa wimbi na kasi ya sauti

Gawanya tofauti ya njia kwa idadi ya mawimbi ya kituo husika: 0.5 kwa K1, 1.5 kwa K2, 2.5 kwa K3. Jibu ni urefu wa wimbi. Lizidishe kwa masafa upate kasi.

Chukua mfano. Umepima K3 ukapata sentimita 374 kutoka spika ya mbali na sentimita 325 kutoka ya karibu. Tofauti ni sentimita 49. Ukigawanya kwa 2.5 unapata sentimita 19.6, yaani mita 0.196. Zidisha kwa 1730 na kasi inakuwa mita 339 kwa sekunde. Hewa ikiwa na nyuzi 25, umekosea kwa asilimia 2 hivi, na kwa tepu na simu hayo ni matokeo ya kujivunia.

Jibu likiwa mbali sana na kasi inayotarajiwa, juu au chini yake, tatizo haliko kwenye tepu. Umehesabu vituo vibaya, na mara nyingi umeruka K1 kwa sababu ulianza kutembea kwa kasi.

## Hatua ya 10: Badili hali moja na utabiri kabla ya kusikiliza

Bila sehemu hii umeona mpangilio, lakini hujathibitisha sababu yake. Kila mara andika utabiri kwanza, ndipo uwashe.

Pindua waya za spika moja, amplifaya ikiwa imezimwa. Sasa mawimbi yanaondoka yakiwa tayari yamepishana nusu wimbi. S0 inapaswa kuwa kituo cha kimya, na K1 iwe kituo cha sauti. Hii ndiyo sababu pia redio iliyounganishwa vibaya hukosa besi: katika masafa ya chini, wimbi ni refu kuliko tofauti yoyote ya njia ndani ya chumba, hivyo kufutana kunatokea karibu kila mahali kwa pamoja. Rudisha waya kabla ya kuendelea.

Punguza masafa hadi 865 Hz. Wimbi sasa lina sentimita 40. Simama S1, ambapo tofauti ya njia ni sentimita 20. Zamani ilikuwa wimbi moja zima. Sasa ni nusu wimbi. Mahali palepale, bila kusogea, sauti inashuka.

Tafuta theluthi. Rudi kwenye 1730 Hz na utafute mahali kati ya S0 na K1 ambapo tofauti ya njia ni sentimita 6.7, yaani theluthi ya wimbi. Kwenye mstari wetu ni kama sentimita 20 kutoka S0. Hapo msaidizi akiwasha au akizima spika ya pili, kipimo hakipaswi kubadilika sana, kwa sababu mawimbi mawili yaliyopishana theluthi hutoa jumla yenye kimo cha wimbi moja. Binafsi naliona jaribio hili dogo kuwa ushahidi mzito kuliko ukimya wenyewe, kwa maana hakuna anayeweza kulikisia bila kuelewa.

## Hatua ya 11: Sikia kwa nini simu mbili hushindwa

Sasa chukua simu mbili, uziweke pamoja, moja itoe 1730 Hz na nyingine 1732 Hz. Utasikia sauti ikipanda na kushuka mara 2 kwa sekunde. Haya ni mapigo. Fezi kati ya mawimbi mawili inabadilika mfululizo, na mahali uliposimama panapita kwenye kujenga na kubomoa kwa zamu.

Andika 1730 Hz kwenye zote mbili. Tarakimu ni zilezile, lakini kila simu ina saa yake ya ndani, na saa mbili haziendi sawa kabisa. Tofauti ya 0.02 Hz tu inatosha kugeuza kituo cha kimya kuwa kituo cha sauti ndani ya sekunde 25. Unaweka alama ya chaki, unainama kuchukua tepu, na ukiinuka alama yako si ya kweli tena. Ndiyo maana hatua ya 4 ilidai amplifaya moja na chanzo kimoja.

## Ukikwama

Sauti ikiwa sawa kila mahali, kagua kwanza kama ulikuwa umeziba sikio moja, kisha urudie kipimo cha hatua ya 6. Mambo hayo mawili peke yake hueleza sehemu kubwa ya malalamiko.

Vituo vikionekana lakini visikae kwenye umbali wa jedwali, pima tena umbali kati ya spika, ukianzia katikati ya duara la kila moja wala si kwenye ukingo wa sanduku. Kosa la sentimita 5 hapo huhamisha vituo vyote.

Upande wa kulia ukitofautiana na wa kushoto, kuna ukuta, gari au kabati upande mmoja linalorudisha sauti, au spika moja imegeuka kidogo. Geuza mpangilio wote uelekee upande mwingine wa uwanja, na uone kama hitilafu inahama pamoja na spika au inabaki na ukuta.

Kipimo cha desibeli kikikataa kushuka wakati sikio linasikia wazi kwamba sauti imepungua, programu ya simu inaongeza usikivu wa maikrofoni yenyewe kila sauti inapopungua. Tafuta programu inayoruhusu kuzima marekebisho hayo, na ukikosa, liamini sikio kutafuta vituo, na utumie tepu kwa yaliyobaki.